SWR 1.3 ya uongo: antena ya 145 MHz, Dodoma

Hatimaye antena imekubali. Mita ya SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena; 1 ndiyo safi kabisa) pale redioni ilikuwa inasoma 1.3 muda wote, lakini stesheni za upande wa Chamwino zikaambulia mikwaruzo tu. Mchawi ni kebo.

SWR unayosoma ni ya pale ulipofunga mita, si ya kule juu kwenye antena. Mita 30 za RG-58 (kebo nyembamba ya redio) zinakula kama dB 6, yaani robo tatu ya nguvu, kwenye 145 MHz. Wimbi linapanda likiwa limeshapungua dB 6, linagonga antena mbovu, linarudi likipungua dB 6 nyingine. Mita inaona kinachorudi ni kiduchu, inakupa hongera. Kipimo cha kuiumbua: ng'oa antena kabisa, acha ncha ya kebo wazi. Hapo sindano ingetakiwa ipae. Hii ilisoma 1.7. Bila antena!

NanoVNA (kipima antena kidogo cha mkononi chenye kioo) ikapanda juu ya bati, ikakalibretiwa hukohuko (wazi, shoti, omu 50), ikafungwa moja kwa moja kwenye soketi ya antena (SO-239). Jibu: SWR 3 kwenye 145, bonde (pale SWR inaposhuka kabisa) lipo 132 MHz. Maana yake fimbo ya antena ni ndefu mno. Kazi hii ni ya asubuhi, jua la saa sita la hapa halikuachii kusoma kile kioo. Mita za sindano za bei poa bado zina kazi yake, ila kwa antena mpya usizitegemee peke yake.

Fimbo (waya wa umeme wa nyumba wa milimita za mraba 2.5) ilikuwa sentimita 54, imekatwa milimita 5 kila mara hadi 49.3. Miguu minne (waya za chini ya fimbo) ya sentimita 51 imeinamishwa digrii 45, maana ikilala bapa omu zinashuka hadi 36 hivi badala ya 50 zinazotakiwa. Sasa 1.2, imepimwa juu.

Lakini SWR 3 inarudisha robo tu ya nguvu. Mwizi mkubwa ni kebo yenyewe: wati 25 za redio zilifika juu kama 6. RG-213 (kebo nene zaidi) ya urefu uleule inafikisha karibu 14. Plagi za kebo (PL-259) zifungwe utepe wa mpira unaojishika, juu yake utepe mweusi wa umeme, kabla ya mvua za Desemba.

Mlingoti wa mita 9 uliokuwa kwenye mpango umewekwa kando. Redio ikihamia chumba kilicho chini ya antena, kebo ya RG-213 inabaki mita 12 na hasara inashuka hadi dB 1. Hizo ni wati 20 zinazofika kwenye antena, bila kununua hata bomba moja la mlingoti.