Ti-6Al-4V kutoka unga wa hidridi: nilivyoshinda nyufa na oksijeni

Ti-6Al-4V, aloi ya titani yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4 inayotumika kwa vipandikizi vya mifupa, inaweza kutengenezwa bila kuyeyushwa: unga unashindiliwa kwenye kalibu, kisha unachomwa katika tanuri la ombwe mpaka chembe zishikane. Nilitumia hidridi ya titani (TiH2), yaani titani iliyoungana na haidrojeni, badala ya titani tupu. Ni rahisi kwa bei, chembe zake huvunjika chini ya shinikizo na kuziba mapengo, na haidrojeni inapotoka husafisha oksidi iliyo juu ya chembe.

Hidridi ina haidrojeni asilimia 4.04 kwa uzito. Kwa hiyo kilo 1 ya aloi inahitaji gramu 938 za TiH2 ili kupata gramu 900 za titani, na gramu 100 za aloi mama (aloi iliyotayarishwa mapema ya kuongeza metali nyingine) yenye alumini 60 na vanadi 40 kwa mia. Unga wote uwe chini ya mikromita 45. Chembe kubwa za aloi mama huacha matundu pale zilipokuwa, kwa kuwa alumini na vanadi husambaa polepole ndani ya titani.

Nachanganya kwa saa 2 ndani ya chombo kilichojazwa argoni, kisha nashindilia kwa megapaskali 500. Asidi ya steariki naipaka kwenye kuta za kalibu tu. Ukiichanganya na unga, kaboni yake inabaki ndani.

Nyufa zilinisumbua kuliko kitu kingine. Kilo hiyo moja hutoa zaidi ya lita 400 za haidrojeni, na ukipandisha joto haraka gesi hupasua kipande kutoka ndani. Sasa napanda nyuzi 2 za Selsiasi kwa dakika kati ya 400 na 750, na geji ya ombwe ikipanda nasimamisha joto hadi itulie. Baada ya hapo naenda hadi 1,250 na kukaa saa 4, ombwe likiwa paskali 0.001 au bora zaidi. Tegemea kipande kusinyaa asilimia 15 kila upande, hivyo kalibu ikatwe kubwa kwa hesabu hiyo.

Oksijeni ni adui wa pili, na huyu haonekani. Kiwango cha ubora cha ASTM F1472 cha aloi hii kinaruhusu oksijeni asilimia 0.20; F136, cha daraja safi zaidi, 0.13 tu. Ikizidi, chuma kinakuwa kigumu lakini hakinyumbuki. Vipande vyangu vya kwanza vilikaa juu ya bamba la alumina (oksidi ya alumini), na titani ikala oksijeni ya bamba lenyewe. Nilihamia bamba la molibdeni lililopakwa itria (oksidi ya itriamu), nikazungushia vipande sponji ya titani ili inyonye gesi mbaya kwanza, na tanuri silifungui kabla halijashuka chini ya nyuzi 200. Kipande kizuri hutoka na rangi ya fedha. Rangi ya njano au buluu ni dalili ya hewa iliyopenya.

Msongamano hufika takriban gramu 4.36 kwa sentimita ya ujazo, kati ya 4.43 za aloi isiyo na tundu. Kwa shina la nyonga, linalobeba uzito kila hatua, hilo halitoshi: matundu yaliyobaki ndiyo chanzo cha nyufa za uchovu (zinazotokana na mzigo unaorudiwa mara nyingi), kwa hiyo kipande kikandamizwe tena kwa argoni ya megapaskali 100 kwenye nyuzi 920 kwa saa 2.

Unga ukishika moto, usimwagie maji wala kaboni dioksidi. Tumia mchanga mkavu kabisa, na mchanga huo uwe karibu na meza kabla hujafungua mkebe.