Dakika za barabarani analipa nani?

Hati ya mshahara imeingia kwenye simu nikiwa nimeegesha gari pembeni mwa barabara hapa Leeds, nasubiri muda wa mteja mwingine ufike. Nimeisoma mara mbili na nimeshindwa kunyamaza. Mwezi mzima natoka alfajiri, narudi saa 4 usiku, halafu saa zilizoandikwa pale ni za mtu aliyekuwa anapita pita tu kazini.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Wa kwanza namfikia saa 12:30 asubuhi, giza bado, kioo cha gari nimekikwangua barafu kwanza. Ni bibi wa miaka 91. Kumwamsha, kumwogesha, kumvalisha, dawa, kujaza chati ya dawa, uji na chai, yote ndani ya nusu saa. Wa pili hawezi kusimama, anainuliwa kwa winchi na lazima tuwe wawili, kwa hiyo mwenzangu akikwama kwenye foleni nami nimekwama. Wa tatu kapangiwa dakika 15. Dakika 15, mzee wa watu hata soksi hajamaliza kuvaa! Nikifika nagusisha simu kwenye kibandiko cha mlangoni, saa ya malipo inaanza. Nikitoka nagusisha tena, inasimama. Kuanzia hapo hadi mlango unaofuata, mvua, taa nyekundu, kuzunguka mtaa mzima kutafuta pa kuegesha, ofisi inanihesabu siko kazini.

Fundi bomba ukimwita Tegeta kutoka Kariakoo, nauli anakutajia kabla hajashika spana. Na hakuna anayemwona ana makosa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sheria ya Uingereza iko upande wetu. Muda wa kusafiri kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine ni muda wa kazi katika hesabu ya kima cha chini cha mshahara. Kutoka kwako hadi kwa mteja wa kwanza hauhesabiwi, hilo sawa, na lile pengo la mchana ninaporudi nyumbani kupumzika silidai. Lakini sikilizeni hesabu hii. Chukua mwaka ulioanza Aprili 2025: kima cha chini kwa mwenye miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Mtu akilipwa kiwango hicho kwa saa 8 za milangoni, anapata pauni 97.68. Kama kati ya wateja amekaa barabarani saa 2, amefanya kazi saa 10, na kila saa imemlipa pauni 9.77. Hapo ameshapunjwa. Mwajiri si lazima auandike muda wa safari kwenye mstari wake. Cha lazima ni kwamba jumla ikigawanywa kwa saa zote, isishuke chini ya kima.

Mbona hatusemi? Kwa sababu viza imefungwa kwa mwajiri. Kazi ikikatika, au kampuni ikinyang'anywa leseni ya kudhamini, kwa kawaida unapewa siku 60 utafute mdhamini mwingine au uondoke. Ukiwa na watoto shuleni na kodi ya nyumba inakungoja, siku 60 ni kufumba na kufumbua. Mume wangu yuko ghalani usiku, yeye maboksi anayabeba kweli, na sisi wawili tunapishana mlangoni. Nyumbani wao wakisikia pauni wanazidisha kwa elfu tatu na ushei, basi, wanaona tumetajirika.

Na wale wanaosema huku wote tunabeba boksi, naomba waheshimu hii kazi. Wiki iliyopita yule bibi alianza kuniita kwa jina la dada yake na kuuliza treni inafika saa ngapi. Jana yake alikuwa mzima kabisa. Kwa mzee, kuchanganyikiwa kwa ghafla namna ile kunaweza kutokana na maambukizi ya mkojo, kwa hiyo sikusema ni uzee, nikapiga simu akaonwa siku ileile. Ndivyo ilivyokuwa. Mtoto wake alinishika mikono yote miwili akashindwa kuongea. Dakika nilizokaa kwenye simu hiyo zilizidi nilizopangiwa, na hazimo kwenye hati.

Mliopo tayari huku, andikeni wenyewe: saa mliyotoka kwa huyu, saa mliyofika kwa yule, maili ngapi. Daftari la kawaida linatosha. Acas, shirika la umma la masuala ya kazi, wanatoa ushauri bure kwa simu, na madai ya kima cha chini hapa England yanaweza kurudi nyuma hadi miaka 6. Mimi barua yangu kwa ofisi nimeshaanza kuiandika, kwa adabu, na hesabu nimeziambatanisha.

Mnaonitumia ujumbe kutoka Dar na Arusha mkiuliza nafasi, mlango huu umefungwa. Tangu tarehe 22 Julai 2025 waajiri hawaruhusiwi tena kuleta wahudumu wapya wa aina yetu kutoka nje ya nchi, na hata kabla ya hapo, tangu Machi 2024, wapya walishazuiwa kuja na mume, mke au watoto. Kwa hiyo ajenti anayekwambia leo ana COS, yaani cheti cha udhamini wa mwajiri cha kuombea viza, ya kuhudumia wazee, unatanguliza milioni kadhaa na nyingine utamalizia ukifika, ni mwizi. Msiuze kiwanja cha mama.