Vigae vya ramani, sanduku la bati na mchwa wa Lubumbashi

Msimulizi wa mchezo wa hadithi mezani hatakiwi kusubiriwa. Mchezaji akisema anafungua mlango wa kushoto, mwenzake ameshashika dadu, na mimi bado nachakura katoni nikitafuta kigae cha ramani chenye korido inayopinda, mchezo umeshapoa. Kabla kigae hakijaonekana, watu wamehamia kwenye habari za Mazembe, klabu yetu ya mpira, na kuwatoa uwanjani kuwarudisha kwenye shimo la hadithi si kazi ndogo. Ndiyo maana kwenye kupanga vigae nina msimamo mkali: mimi napanga kwa milango. Picha iliyochorwa juu, iwe mawe, udongo au mbao, ni habari ya baadaye.

Kwa ambaye hajawahi kukaa nasi: tunacheza ule mchezo wa kusimulia mezani ambao Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa Marekani mwaka 1974, Dungeons & Dragons. Kila mtu ana mhusika wake, mmoja anasimulia dunia, dadu zinaamua. Unaweza kucheza kwa mdomo tu bila ramani yoyote. Lakini vita vikianza kila mtu anataka kuona nani kasimama wapi, ndipo tunatandika vigae: vipande bapa vyenye miraba, vinaungana kuwa vyumba na korido, kesho vinafumuliwa na kuungwa upya kuwa mahali pengine kabisa. Kanuni si lazima kununua. Tangu mwaka 2023 sehemu yake ya msingi iko wazi kwa leseni ya Creative Commons, kila mtu anaweza kuipakua na kuichapa. Sisi tunasoma kwa Kifaransa, tunabishana kwa Kiswahili.

Mraba mmoja wa kigae una inchi moja, yaani sentimita 2.54, na ndani ya hadithi unahesabiwa futi 5. Vitabu vya Kifaransa vinaandika mita 1.5. Mimi nina nyumba ya fotokopi barabara ya Kasapa, karatasi za A4 ndizo maisha yangu kutoka asubuhi hadi jioni, kwa hiyo hesabu hii naipenda. A4 ina milimita 210 kwa 297. Ndani yake inaingia miraba 8 kwa 11. Kata chumba cha 6 kwa 6, pembeni unapata korido ya 2 kwa 6, chini unabakiwa na ukanda wa 8 kwa 5 wa kukatia vipande vidogo, na hakuna mraba uliopotea. Ila upande mwembamba unabaki na nafasi ya milimita tatu na kitu tu kila ukingo, na mashine nyingine hazichapi hadi karibu hivyo, zitakula mstari wa pembeni. Jaribu karatasi moja kabla ya kuchapa hamsini.

Na uchape kwa asilimia 100. Mashine ikiachiwa iamue yenyewe, inapunguza picha ili ukurasa uingie vizuri, na kigae cha leo hakitakaa sawa na cha mwezi uliopita. Mwanafunzi anayechapa kazi yake ya mwisho hajali milimita mbili. Kigae kinajali.

Mwili wa kigae ni katoni ya kawaida, ile yenye mawimbi katikati, ambayo wauza maduka wanaitupa. Ukiipinda kwa kufuata mawimbi inakunjika bila ubishi. Ukiipinda kwa kuyakatiza inakataa. Basi bandika tabaka mbili, mawimbi ya moja yaende urefu, ya nyingine yaende upana. Karatasi nayo ibandikwe juu na chini, siku ileile. Gundi nyeupe ina maji, karatasi inalowa na kutanuka, ikikauka inajikunja na kuvuta. Upande mmoja ukivuta peke yake, kigae kinainuka kona na sanamu ya mchezaji inaanguka kila meza ikiguswa. Pande zote mbili zikivuta sawa, kinatulia. Mimi navilaza chini ya rimu za karatasi usiku mzima. Asiye na rimu ana matofali.

Sasa milango.

Chukua kigae cha mraba. Kina pande nne, na kila upande ama una mlango ama hauna. Kizungushe utakavyo, utakuta familia ni sita tu: kilichofungwa pande zote, chenye mlango mmoja, yaani mwisho wa njia, chenye milango miwili inayotazamana, chenye miwili iliyo jirani, yaani kona, chenye mitatu, na chenye minne. Uwe na vigae ishirini au mia mbili, hakuna familia ya saba. Unapokuwa katikati ya mchezo, swali unalojiuliza ni hilohilo: wanaingia wapi, wanatokea wapi? Hujiulizi sakafu ina rangi gani. Rangi unaweza kuisimulia kwa mdomo, lakini kona ni lazima iwe kona.

Sharti ni kwamba milango yote ikae mahali pamoja. Kwenye upande wa miraba 6, mlango wangu daima ni mraba wa 3 na wa 4, katikati kabisa. Hapo kigae chochote kinaungana na chochote, hata ukifumba macho. Wazo hili si langu. TSR, kampuni aliyoianzisha Gygax, ilikuwa ikiuza ramani za vipande vya namna hiyo, Dungeon Geomorphs, tangu miaka ya 1970. Nashangaa tu kuona watu wanakata vigae vizuri, wanapaka rangi vizuri, halafu mlango mmoja uko kona ya juu na mwingine katikati, na kila muungano unakuwa mazungumzo.

Mpwa wangu anasoma jiolojia na alipinga tangu mwanzo. «Tantine, mgodi ni mgodi, msitu ni msitu. Utachanganyaje?» Alitaka bahasha ya mgodi, bahasha ya msitu, bahasha ya mifereji ya mji. Nikamwachia kiti, asimulie yeye Jumapili moja, na vigae vyake avipange anavyotaka. Bahasha ya mgodi aliipata mara moja, hilo sikatai. Halafu akaimwaga yote mezani kutafuta njia ya milango mitatu, na fundi mbao wetu, ambaye mhusika wake alikuwa anakimbizwa na mizimu, akaenda kununua maji ya kunywa, akarudi, mizimu ikiwa bado imesimama palepale. Mpwa hajasema nimeshinda. Ila siku hizi haleti tena bahasha.

Kuna mahali ambapo ana haki, na nimempa. Vipande vikubwa visivyo na ndugu havina familia. Tuna shimo la wazi lenye kushuka ngazi kwa ngazi, amelichora yeye, na mistari ya kijani ya malakiti, jiwe la shaba, anaijua kuliko mimi. Tuna pia mji wetu wa kubuni wenye bomba refu la kiwanda na mlima mweusi wa terili, yaani mabaki ya kiwandani, ambao mtu yeyote wa Lubumbashi anautambua kabla sijafungua mdomo. Hivyo vinakaa peke yake, vimelazwa chini kabisa ya sanduku, na natafuta kwa picha kama watu wengine.

Vigae vya pande mbili vinawasumbua wengi: mawe mbele, udongo nyuma, basi kiwekwe wapi? Fanya milango ya nyuma iwe palepale ilipo ya mbele. Kona ukiigeuza inabaki kona, milango mitatu inabaki mitatu. Familia zote sita zinakubali kugeuzwa. Kigae kinakaa kwenye familia moja tu na unapata sakafu mbili kwa katoni moja. Sijui kwa nini mtu afanye vinginevyo.

Halafu kuna umeme. Ukikatika saa mbili usiku watu hawaondoki, wanasubiri waone nifanyeje, na mshumaa juu ya katoni na gundi siuruhusu. Tunaweka taa ya sola katikati ya meza, na sanduku linabaki gizani miguuni pangu. Kwa hiyo kila kigae nimekichonga ukingo kwa kisu, vijipengo vya milimita tatu hivi, karibu na kona ambako hakuna mlango. Kijipengo kimoja ni mwisho wa njia. Viwili vilivyoachana ni njia iliyonyooka. Viwili vilivyokaribiana ni kona. Vitatu, vinne, hesabu mwenyewe. Laini kabisa, kimefungwa. Kidole kinasoma haraka kuliko jicho, na sasa nachomoa kigae huku namtazama mchezaji usoni, jambo ambalo linamtisha zaidi ya zimwi lenyewe.

Sanduku ni la bati, lile la wanafunzi wa internati, yaani shule za bweni, nimelinunua soko la Kenya (komini ya mji wetu, si nchi). Vigae vimesimama ndani, ukingo wenye vijipengo juu, na kati ya familia na familia kuna kipande cha katoni ngumu kilichopanda kidogo. Kuna wanaosema vigae vilazwe visije vikapinda. Wana sababu, lakini cha chini huwezi kukifikia bila kuinua vyote, na tumesharudi kwenye kusubiriwa. Kinachopindisha vigae vilivyosimama ni kulegea: vikiwa vichache ndani ya nafasi kubwa vinaegemea, na vinabaki hivyo. Jaza pengo. Mimi natumia sponji kuukuu la godoro, nalikata upana wa sanduku na kulisukuma mpaka vyote visimame wima.

Msimu wa mvua, tuseme Novemba hadi Machi, unyevu unaingia hata penye kifuniko. Wauza viatu wanatupa vile vipakiti vidogo vyenye punje za kunyonya unyevu. Waombe, watakupa bure na watakushangaa. Vitupie kwenye kona za sanduku. Na usifunge sanduku na vigae vilivyotoka kwenye mvua, hata ukiwa umechoka namna gani, maana ukungu unapenda giza. Kiangazi shida ni vumbi letu jekundu. Futa kwa kitambaa kikavu; kitambaa chenye maji kinageuza vumbi kuwa rangi na karatasi inaanza kubabuka.

Adui halisi ni mchwa. Katoni iliyowekwa sakafuni hapa kwetu ni chakula kilichoandaliwa. Hawa ndio waliojenga vile vichuguu vya Katanga vinavyompita mtu urefu, na watu tunavichimba tukifyatua matofali, kwa hiyo nyumba nyingi za mji huu ni za mchwa kabla ya kuwa zetu. Mate yao na udongo vinatengeneza vijia vinavyopanda ukutani, na ndani ya vijia hivyo hawaonekani. Bati hawalitafuni, lakini tundu la bawaba linawatosha. Sanduku langu limepandishwa juu ya matofali manne na halijagusa ukuta. Tofali haliwazuii; linachofanya ni kuwalazimisha kujenga njia mahali ninapoiona, basi kila nikifagia natazama. Siwachukii kabisa. Wale wakubwa wa vichuguuni hawamalizi kazi ya kula mti peke yao, wanalima kuvu chini huko, na kuvu hao ndio wanaotoa ule uyoga mkubwa ambao akina mama wanauza kandokando ya barabara mvua zikianza. Kwa uyoga ule nawasamehe mengi, mradi wasiguse kona zangu.

Jumapili tukicheza Kamalondo sibebi sanduku. Kwenye taksibasi mzigo unakaa mapajani, na siku ya mechi hata mapaja hayatoshi. Nachukua mfuko niliomshonesha jirani kwa kipande cha kitenge, una mikunjo sita, na kila mkunjo naweka vichache: kona nyingi, njia zilizonyooka nyingi, milango minne miwili tu. Mashimo yenye milango minne kila mahali yanawachanganya wachezaji, wanagawanyika, kila mmoja anakwenda kwake, na usiku unaisha hawajafika popote. Milango ya kusimamisha, ngazi, mapipa na masanduku ya hazina vinakaa kwenye kopo la maziwa ya unga, vyote pamoja, bila mpango wowote. Kopo ukilitikisa unaona yote yaliyomo. Hapo sina msimamo.

Kilichobaki ni vigae vya mapango, vile vya kingo za kujipinda ambavyo tulirithi kutoka kwa rafiki aliyehamia Kolwezi. Vizuri kuvitazama, lakini havina upande, havina mlango katikati, na haviungani na chochote ila vyenyewe. Viko kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati. Mpwa anataka vitungiwe familia ya saba. Mimi nimeshamwomba fundi mbao msumeno wake mwembamba.