Nilivyompangia mama siku nne za Queens kwa ramani ya lifti

Mama alipokuja kunitembelea hapa Columbus, Ohio, akitokea Mombasa, alikuwa na ombi moja: aione New York kabla ya kurudi nyumbani. Nilimkubalia papo hapo, na usiku huohuo usingizi ukanipaa. Mama ana miaka 71 na magoti yake yamechoka. Ngazi kumi huzipanda akishika ukuta, akituliza pumzi katikati. Na New York niliyoijua mimi ilikuwa ni ngazi tupu: za kushuka kwenye treni, za kupanda barabarani, za nyumba za kupanga.

Kila niliyemweleza aliniambia Manhattan, na kila orodha niliyopewa ilikuwa ya kutembea kutwa. Mwisho nikamuuliza mwenyewe anataka kuona nini.

"Watu, mwanangu. Niwaone wanavyoishi na wanavyokula. Majumba marefu nimeyaona kwenye televisheni."

Jibu hilo ndilo lililotupeleka Queens.

Queens ni mojawapo ya wilaya tano za jiji la New York, na kwa eneo ndiyo kubwa kuliko zote. Sensa ya 2020 ilihesabu humo watu milioni 2.4, na karibu nusu yao wamezaliwa nje ya Marekani. Ni wilaya pana, na mtu akienda bila mpango hupoteza siku nzima njiani. Kwa hiyo vivutio niliviweka kando kwanza, nikaanza na lifti.

Kwenye ramani ya treni za jiji, kituo chenye lifti huwekewa alama ndogo ya kiti cha magurudumu. Nilichukua kalamu nyekundu nikafuata njia ya treni namba 7, ile ya rangi ya zambarau, ambayo kwa sehemu kubwa ya Queens hupita juu ya barabara kwenye nguzo za chuma. Vituo vingi vya njia hiyo havikuwa na alama. Vitatu vilinifaa: 74th Street–Broadway, Junction Boulevard, na Flushing–Main Street, kituo cha mwisho. Nilipoviona hivyo vitatu, safari nzima ikakaa sawa kichwani. Tutalala Flushing. Kwenye kituo cha mwisho treni huanza ikiwa tupu, na mama atapata kiti kila asubuhi bila kumwomba mtu.

Malazi nusura yaniponyoke. Nilikuwa nimeshapata fleti nzima kwenye mtandao kwa bei nzuri, mwenyewe akaifuta siku kumi kabla ya safari. Baadaye nikajua kwamba tangu Septemba 2023 jiji la New York linabana sana ukodishaji wa chini ya siku 30: mwenye nyumba lazima asajiliwe, awepo humo ndani wakati wageni wapo, na wageni wasizidi wawili. Fleti nzima ya siku nne, kwa kawaida, hairuhusiwi. Mkipanga kwenda, tafuteni hoteli au chumba kwa mwenyeji aliyesajiliwa, na muulize mapema. Sisi tulipata hoteli ndogo dakika tano kutoka Main Street. Nilipiga simu mwenyewe kuulizia mambo mawili tu: kama lifti inafanya kazi, na kama bafu lina kizingiti kirefu.

Viwanja vikubwa viwili vya ndege vya New York, JFK na LaGuardia, vyote vimo Queens. Sisi tulitua LaGuardia Alhamisi mchana, siku chache baada ya Idi ya kuchinja. Kutoka hapo kuna basi la Q70 linalofika Jackson Heights bila nauli, na lina rafu za masanduku. Shuka Jackson Heights, penye kituo cha 74th Street–Broadway, ingia lifti, panda namba 7 mpaka Flushing. Mama alikaa dirishani. Treni ilipoinuka juu ya mapaa na nguo zilizoanikwa, alinishika mkono, akaniambia, "Basi wanafua kama sisi." Siku hiyo hatukufanya lolote zaidi. Tulilala.

Ijumaa tulianza kwa kosa ambalo naliandika hapa kwa sababu litampata mwingine. Asubuhi za siku za kazi, namba 7 ni treni mbili. Moja husimama kila kituo, na alama yake mbele ni duara la kijani. Nyingine ni ya haraka, alama yake ni almasi nyekundu, nayo huruka vituo vingi, 74th Street kikiwemo. Sisi tuliingia ya almasi kwa kuwa ndiyo iliyokuwa inaondoka. Nilikiona kituo chetu kinapita dirishani, na moyo ukanipasuka, maana sikujua tutakaposhuka kama pana lifti. Tukashukia 61st Street–Woodside. Kwa rehema za Mungu lifti ilikuwepo, tukavuka upande wa pili tukarudi na treni ya duara la kijani. Tangu hapo mama ndiye aliyekuwa mwangalizi wa alama. "Kijani, twende."

Jackson Heights inataka siku nzima, na mngenipa siku mbili ningezichukua zote. Chini ya reli ipo Roosevelt Avenue, yenye wauzaji wa Kilatini na matoroli yao: maembe yaliyokatwa na kunyunyiziwa pilipili na ndimu, ambayo mama aliyatambua tangu mbali kwa kuwa ndiyo yanayouzwa Mombasa kila pembe. Kwenye duka la mikate la Wakolombia tulinunua arepa ya jibini, chapati nene ya unga wa mahindi iliyochomwa. Mama aliimega, akainusa, akasema ni mkate wa mahindi uliokosa sukari. Alikula yote.

Ukipanda 74th Street, hatua chache tu kutoka kituoni, dunia inageuka. Maduka ya dhahabu yamepangana, ya sari, ya viungo. Mama alifanya kazi ya cherehani miaka mingi Biashara Street, ile ya maduka ya leso, akiwashonea matajiri wa Kigujarati. Kwenye duka la sari hakutazama rangi kwanza. Aligeuza pindo akatazama ushonaji kwa ndani, akaupitisha kidole gumba juu ya nyuzi, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Muuzaji, mwanamke wa makamo, aliona kidole kile. Aliacha kutuuzia akamletea mama kiti. Wakazungumza robo saa kwa Kihindi cha mama cha kuungaunga na kwa mikono, habari ya nyuzi na sindano, na mimi nilisimama pembeni nikimtazama mama yangu akiwa fundi.

Anwani za Queens zinahitaji somo lake. Nyumba huandikwa, kwa mfano, 37-06 74th Street: tarakimu za kabla ya kistari zinakwambia njia gani iko karibu, yaani 37th Avenue, na zinazofuata ni namba ya nyumba yenyewe. Ukilijua hilo huhitaji hata simu. Lakini 37th Avenue, 37th Road na 37th Drive ni njia tatu tofauti. Nilikuwa nimeandika "37" tupu kwenye karatasi yangu, nikamwambia mama tunakwenda uwanja wa Diversity Plaza, nikampeleka njia siyo. Uwanja uko 37th Road. Nilimkalisha kwenye kistuli cha kukunja nilichobeba mgongoni siku zote nne (kibebeni, hakuna kifaa kilichotufaa zaidi) nikaenda kuutafuta peke yangu, kisha nikarudi kumchukua.

Hapo uwanjani na 73rd Street ndipo Wabangladeshi walipo, pamoja na Wanepali na Watibeti na maandazi yao ya mvuke yaliyojazwa nyama. Na hapo ndipo mama alipoona tambuu. Kijana ameketi nyuma ya meza, majani mabichi yamelowekwa kwenye sufuria ya maji, chokaa kwenye kikopo, popoo zimekatwa vipande vyembamba. Mama hajala tambuu tangu bibi yangu afariki, maana walikuwa wakila pamoja barazani. Alisimama mbele ya meza ile bila kusema neno. Kijana akamuuliza, kwa adabu, "Khala?"

Mama akanigeukia, macho yamemjaa. "Ameniita halati."

Ndivyo tunavyowaita mama wadogo kwetu pwani, halati, na Waislamu wa Bangladesh husema khala. Neno limetoka Arabuni, likaenda kwao na likaja kwetu, nao wawili wamekutana nalo kando ya barabara New York. Kijana alipaka chokaa kidogo, akaweka popoo, akalikunja jani pembe tatu, akakataa pesa. Mama akaiacha dola mezani akaifunika kwa mkono wa kijana.

Jumamosi niliiweka kwa bustani ya Flushing Meadows–Corona Park, ambako yalifanyika maonyesho ya dunia ya 1939 na ya 1964. Tulichukua teksi mpaka mlangoni mwa Queens Museum. Msiwe wagumu wa teksi mkiwa na mzee. Okoeni pesa kwenye chakula, ambacho Queens ni kizuri na cha bei nafuu, mzitumie kwa miguu yake. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetazama hali ya lifti kwenye tovuti ya treni, kama nilivyofanya kila siku, na moja tuliyoitegemea ilikuwa mbovu. Wikiendi pia sehemu za reli hufungwa kwa matengenezo. Tazameni kabla hamjavaa viatu.

Ndani ya jumba hilo la makumbusho ndimo nilimotimiza ahadi yangu. Kuna mfano wa jiji zima la New York uliojengwa kwa maonyesho ya 1964, futi moja badala ya futi 1,200, wenye majengo madogo yapatayo 895,000. Unauzunguka kwa njia ya mteremko laini. Mama aliuona mnara wa Empire State, madaraja, bandari, Brooklyn, Bronx, na kindege kinachopaa LaGuardia kwa uzi. "Basi New York nimeiona," akasema. Hakupanda hata ngazi moja. Jumba lenyewe lilikuwa ukumbi wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuanzia 1946 hadi 1950, na humo ndimo ilimopigwa kura ya kuigawa Palestina, Novemba 1947. Nilipomweleza hilo mama aliketi kwenye benchi akasoma dua kwa sauti ya chini, nami nikaketi naye.

Nje kuna Unisphere, tufe la dunia la chuma kisichoshika kutu, urefu wake kiasi cha mita 43. Tulilizunguka polepole mpaka tukaikuta Afrika, na mama akanyoosha kidole pwani yake ya mashariki. Jua lilikuwa kali, joto la kwetu kabisa. Wakati wa alasiri alitandika leso yake chini ya mti akasali akiwa kwenye kistuli. Watoto waliokuwa wakicheza mpira jirani waliitwa na mama yao kwa Kihispania, wakausogeza mchezo mbali bila sisi kuomba. Jioni tulifika Queens Night Market, soko la usiku la Jumamosi nyuma ya jumba la sayansi la bustani hiyohiyo. Kuingia ni bure na vyakula vingi haviuzwi zaidi ya dola 5 au 6. Tulikaa saa moja tu. Watu walikuwa wengi mno kwa mama, na niliona nyuso zake za maumivu kabla hajazisema. Mkiwa na mzee, fikeni mapema, soko linapofunguliwa.

Jumapili ilikuwa ya Bowne Street, mtaa wa nyuma ya hoteli. Nyumba ya John Bowne ya karibu 1661 bado imesimama hapo, ya mbao, ya chini. Mwaka 1657 watu wa Flushing walimwandikia gavana wa Kiholanzi waraka wa kupinga amri ya kuwatesa Wakweka (Quakers), watu wa madhehebu ya Kikristo. Bowne alikamatwa 1662 kwa kuwaruhusu wasali nyumbani kwake, akafukuzwa nchini, akashinda rufaa yake na kurudi. Mtaa huohuo, mbele zaidi, kuna hekalu kubwa la Ganesha la Wahindu, na msikiti hauko mbali. Mama alilitazama hekalu kwa dirisha la teksi akalilinganisha na lile la Wajaini la Mombasa, la marumaru nyeupe, alilopita akienda kazini ujana wake wote. Tulisali adhuhuri msikitini, tukarudi kuchukua mizigo.

Nilitaka tuchukue teksi moja kwa moja mpaka uwanja wa ndege. Mama akaniuliza kama Jackson Heights iko mbali na njia. Tulibakiwa na saa nne. Tukapanda namba 7, duara la kijani, na kistuli chetu. Alinunua tambuu sita, zikafungwa kwenye karatasi ya fedha, kisha akamwomba kijana yule amwandikie jina lake nyuma ya risiti, ili amtaje katika dua.