Toni Kroos, kama tulivyomwona Ujiji
Usiku wa tarehe 8 Julai 2014, katika kibanda umiza kimoja cha Ujiji, sikuwa nimemaliza kumenya karanga zangu wakati Toni Kroos alipoifunga Brazil mabao mawili ndani ya dakika mbili, na mzee aliyeketi mbele yangu akadhani kwamba yalikuwa marudio. Ujerumani yake ilishinda 7-1 katika nusu fainali hiyo ya Kombe la Dunia. Hata hivyo, mimi humkumbuka zaidi kwa pasi zake, kwa maana kiungo huyo, mzaliwa wa Greifswald, aliinua kichwa kabla mpira haujamfikia. Mwaka huohuo Bayern Munich ilimuuza kwa Real Madrid, uamuzi ambao sijauelewa hadi leo. Alistaafu mwaka 2024 akiwa na mataji sita ya Ligi ya Mabingwa, bao la kwanza la fainali ya mwisho likitokana na kona yake iliyomkuta mchezaji mwenzake Carvajal kichwani huko Wembley.