Jaji wa ngoma atuambie amesikia nini

Leo nataka kuongea kuhusu majaji wa mashindano ya bendi. Wanaonijua hapa Amu, yaani Lamu, wanajua nafundisha vijana bendi, zaidi snea, ile ngoma ndogo yenye nyaya chini, na besi, ile ngoma kubwa, na usiku nikishafunga duka nakaa YouTube naangalia yale makundi ya Marekani ya DCI, yaani Drum Corps International, vijana wa umri wa chuo wanazunguka na mabasi msimu wao wote wa joto wakishindana kwenye viwanja vya mpira, ngoma, matarumbeta na bendera, mpaka fainali Indianapolis mwezi wa nane. Nimewafuatilia muda mrefu sana na kila nikiwaangalia roho inaniuma kwa jambo moja, sio ngoma zao, ni majaji wao.

Kwetu mnajua inavyokuwa. Majaji wamekaa meza kuu, bendi inaingia, inapiga, inatoka, mwisho wa siku inasomwa namba moja tu na kombe linatolewa. Kuna mashindano fulani ya bendi za shule vijana wangu walipiga safi kabisa wakapitwa na kundi lililokuja na sare mpya na ngoma zinang'aa, na huenda walistahili, kushindwa si tatizo. Tatizo ni nilipomwendea jaji mmoja kwa heshima zote nikamuuliza mwalimu, tumekosa wapi, akaniambia mmejitahidi, kazeni buti. Sasa mtoto wa miaka 14 anayepiga besi nikimwambia akaze buti atakaza nini? Mkono wa kushoto? Mwendo? Hajui na mimi sijui.

DCI jaji hasikilizi kila kitu. Pointi ni 100, 40 ni za athari ya shoo kwa ujumla, 30 za muziki na 30 za kuonekana, na hizo zinagawanywa tena, kwenye muziki kuna jaji wa matarumbeta peke yake, jaji wa ngoma peke yake, na jaji wa muziki wote ukiwa pamoja. Huyu wa ngoma kazi yake ni ngoma basi, bendera zikianguka sio shughuli yake. Na anaongea! Shoo ikiendelea yeye ana kinasa sauti anasema hapo hapo anachosikia, snea hapo mmeachana, besi hiyo mistari imetoka wazi, vizuri, sasa mnakimbia, na ile rekodi inapewa walimu wa kundi wakaisikilize, na kuna kikao walimu wanakaa na majaji wanaulizana. Mwaka 2008 Phantom Regiment walichukua ubingwa kwa 98.125, Blue Devils wakapata 98.100. Tofauti 0.025! Ukishindwa kwa kiasi kile lazima uambiwe kimetoka wapi, la sivyo watu watapigana.

Tena hawakuanza hivyo. Ubingwa wao wa kwanza ulikuwa 1972 na kwa miaka mingi jaji alikuwa anahesabu makosa, kila kosa unakatwa sehemu ya kumi ya pointi, mpaka mwanzo wa miaka ya 1980 wakauacha mtindo huo. Mimi naona walifanya vizuri sana, kwa sababu ukimkata mtu kwa kila kosa atakuletea kitu chepesi asikosee, na anayejaribu kigumu ndiye anayeumia. Siku hizi wanaangalia umepiga nini na umekipiga vipi, vyote viwili. Kwetu bado kuna jaji akiona kijana ameangusha kijiti anaandika haraka haraka, lakini hakusikia kwamba huyo kijana ameokota na kurudi ndani ya mdundo bila kumpoteza mwenzake.

Sasa vifaa, kwa sababu kila nikisema haya naambiwa wale wana pesa. Wana pesa kweli. Snea zao zimevikwa kitambaa cha nyuzi za Kevlar, zile zile za fulana za kuzuia risasi, imekazwa mpaka ngumu kama meza, sauti inatoka kavu na fupi, na kwa sababu ni fupi hakuna pa kujificha, mmoja akichelewa kidogo tu uwanja mzima unasikia. Besi zao mara nyingi ni tano za ukubwa tofauti, kila mtu na noti yake, mpigo mmoja wa haraka unapita mikononi mwa watu watano, mmoja akilala kuna shimo. Lakini kinachowafanya wasikike kama mtu mmoja ni kwamba wanakubaliana kijiti kinainuka inchi ngapi, inchi 3 kwa sauti ya chini, 9 au 12 kwa sauti kubwa, wanafanya mbele ya kioo mpaka inaingia mwilini. Kioo hakinunuliwi Marekani.

Na ngoma mpya iliyotolewa kwenye boksi ikapelekwa uwanjani hivyo hivyo ni kelele tu. Chukua snea kuukuu ya shule, gonga taratibu karibu na kila skrubu, inchi moja kutoka ukingoni, sikiliza, pale pamelegea kaza robo mzunguko, kisha nenda skrubu inayotazamana nayo upande wa pili, hivyo hivyo mpaka kote kuwe na sauti moja, kisha angalia zile nyaya za chini zisilegee. Nusu saa tu. Wapiga matari wetu hilo wanalijua toka zamani, usiku wa maulidi ngozi ikishaingia unyevu wa bahari hawapigi mpaka waioteshe moto kwanza. Jaji anayejua ngoma atasikia nani ametayarisha ngoma yake na nani ameinunua tu.

Jambo la mwisho ndilo linalonitesa zaidi, umbali. Sauti inaenda kama mita 340 kwa sekunde, yaani mita 34 zinakula sehemu ya kumi ya sekunde, na kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika hiyo ni moja ya tano ya pigo zima. Uwanja wao una urefu wa mita 91 hivi, sasa kila mtu akipiga anavyosikia inakuwa vurugu. Wanachofanya, wapiga ngoma wa nyuma katikati wanafuata mikono ya kiongozi kwa macho, na wote walio mbele yao wanasikiliza nyuma na kupiga juu ya sauti inayowafikia, hapo inamfika msikilizaji ikiwa moja. Fikiria zefe letu, ule msafara wa maulidi, linavyoingia Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, likitokea vichochoroni, kuta za mawe zinarudisha sauti, mkia wa msafara bado uko ndani, wa nyuma wanawafuata wa mbele, mwendo unalegea. Nimeanza kuwaweka wapigaji wangu imara nyuma na kuwakataza wa mbele kuongoza, na mwendo haulegei tena.

Jaji aliyekaa mbele ya ngome anasikia yote hayo, simu anayo mfukoni, na kurekodi ni bure. Ninachoomba kwa waandaaji ni jaji mmoja wa ngoma tu, aongee kwenye simu bendi ikipiga, kisha atume ile sauti kwa mwalimu wa kila kundi kwa WhatsApp, walioshinda na walioshindwa. Kuna ami yangu mmoja mpiga zumari, masikio yake hayana mfano, ameshakubali kuja kwenye mazoezi yetu Ijumaa ijayo afanye hivyo, na bendi nyingine yoyote ikitaka kuja kusikilizwa waniandikie hapo chini.