Foda za wanafunzi kwenye seva, za walimu kwenye laptopu: nilivyozipanga

Kuna jamaa kwenye grupu letu la mafundi hapa Mwanza, jina namhifadhia, ndo kanifanya niandike hii, maana hadi leo anawashauri watu kilekile alichonishauri mimi.

Kazi ilikuwa shule moja huku Nyegezi, maabara ya kompyuta za mtumba, zote Debian (aina ya Linux), akaunti zote ziko LDAP (daftari moja la majina na nywila) kwenye seva. Kulogini hakukuwa na shida, mwanafunzi anaingia popote, ila kazi yake inabaki kwenye mashine aliyoiandikia, kesho akikuta mwenzake kaikalia ndo basi tena. Madam akataka foda imfuate mtoto. Walimu wao wanataka kinyume, laptopu wanaondoka nazo, wengine wikiendi wanavuka na kivuko cha Kamanga, huko seva wataipatia wapi.

Jamaa akasema rahisi sana, washa NFS (inayogawa foda za seva kwa mashine nyingine kupitia mtandao), weka autofs (inayozichomeka foda hizo pale mtu anapozihitaji) juu ya /home, kunakokaa foda za watumiaji, umemaliza. Nikaijaribu kwenye mashine moja tu. Kuwasha tu hivi, foda ya admin iliyokuwa kwenye diski ya hapohapo haipo! Nampigia, ananiambia "broo hiyo diski imekufa, piga fomati." Fomati! Diski nzima kabisa haina hata kikohozi. Autofs ikishaikalia /home inafunika kila kilichokuwemo, kama mkeka uliotandikwa juu ya noti. Nikaizima, foda hii hapa, haijaguswa. Autofs nikaihamishia juu ya /home/wanafunzi, na kule LDAP kwenye homeDirectory (panapotajwa foda ya mtu iko wapi) kila mtoto akaandikiwa foda yake ndani ya njia hiyohiyo. Kwenye faili la ramani la autofs mstari mmoja wenye nyota mwanzo (jina lolote) na & mwishoni (jina hilohilo) unatosha shule nzima, usiandike mmojammoja utazeeka.

Sasa foda mpya zikagoma kujiunda. pam_mkhomedir, inayomuundia mtu foda akilogini mara ya kwanza, inafanya kazi kama root (msimamizi mwenye ruhusa zote), na NFS kwa kawaida root wa mashine nyingine inamgeuza nobody, hana ruhusa. Jamaa huyoo: weka no_root_squash, yaani root wa mashine nyingine abaki root hata kwenye seva. Sasa mtoto mtundu akipata root kwenye kompyuta moja tu, anakuwa root hata kwenye foda za shule nzima, na Form Four watundu unawajua.

Nilichofanya hapa najisifu kidogo. Seva yenyewe nayo nikaiunga isome akaunti za LDAP, nikaiwekea pam_mkhomedir yenye umask=0077 ili wasichunguliane, halafu kiskripti kifupi kinapita jina kwa jina na su - jina -c true. Hiyo true haifanyi kitu chochote, ndo utamu wake, mtu "anaingia" na kutoka na foda imeshazaliwa, mwenyewe sahihi, ruhusa sahihi. Orodha ya majina chukua kwa ldapsearch, getent passwd tupu haitakupa watu wote maana SSSD (programu inayoiletea mashine akaunti za LDAP) haiorodheshi mpaka uiamuru.

Laptopu za walimu ni mistari miwili kwenye sssd.conf, override_homedir = /home/%u (foda ikae kwenye diski ya laptopu) na cache_credentials = true (nywila ikumbukwe hata seva isipokuwepo), pamoja na mkhomedir ya kawaida. Ila mwalimu lazima alogini mara ya kwanza akiwa shuleni, la sivyo atakupigia usiku.

Umeme ukikatika seva ikazima, mashine zote zinaganda zikiisubiri. Hapo utashauriwa uweke soft kwenye NFS, mashine ikate tamaa badala ya kusubiri, usikubali, mtoto akiwa katikati ya kusevu faili linaweza kuharibika. Nilitafuta UPS ya mtumba mjini, laki na ushee hivi, na swichi ya mtandao ichomekwe hapohapo, watu wengi wanaisahau swichi halafu wanashangaa.

Asubuhi darasa zima likifungua Firefox pamoja ilikuwa inakokota, kashe yote (nakala za muda za kurasa) inapita kwenye waya wa mtandao. XDG_CACHE_HOME, inayotaja kashe ikae wapi, nikaielekeza kwenye diski ya mashine yenyewe, kwa faili dogo ndani ya /etc/profile.d, ikawa nyepesi. Kashe ikipotea hakuna anayelia.